Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Kila inapokaribia sherehe ya kuwaaga wanaomaliza masomo, wanafunzi katika dahalia zetu hubishana: je, zipigwe nyimbo za kisasa kwa spika, au waalikwe wazee wa msewe na kirumbizi? Wengi husema kwamba ngoma za kwetu ni mambo ya shamba, na mtu aliyesoma hana haja nazo. Mimi siafikiani nao, na sababu zangu nitazitoa katika maisha ya mtu mmoja.

Sote twamjua Freddie Mercury, mwimbaji mkubwa wa roki aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Walakini ni wachache wamjuao Ayub Ogada. Huyu alizaliwa Mombasa mwaka 1956, na jina lake la awali lilikuwa Job Seda. Wazazi wake walikuwa Wajaluo, wenyewe waimbaji. Katika miaka ya 1970 alikuwa kijana wa mjini hasa, akiimba katika bendi ya Nairobi iliyoitwa Black Savage, iliyopiga roki kwa magita ya umeme. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Heritage Band, bendi iliyochanganya magita na ngoma za Kiafrika.

Baadaye aliishika nyatiti, chombo cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Mwaka 1986 alikwenda Uingereza nayo, akawa anaipiga katika vituo vya treni za chini ya ardhi London, na wapita njia wakimtupia sarafu. Hakufa moyo. Mwaka 1988 alialikwa kupiga katika tamasha la WOMAD, ambalo mmoja wa waanzilishi wake ni Peter Gabriel, naye pia aliyepata kuwa mwimbaji wa bendi ya roki. Mwaka 1993 ikatoka albamu yake, En Mana Kuoyo. Ndani yake mna wimbo Kothbiro, maana yake mvua yaja, ambao ulitiwa katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005. Ayub Ogada alifariki mwaka 2019 katika jimbo la Kisumu.

Sasa na tutazame. Je, mtu huyu alirudi kwenye nyatiti kwa sababu hakuyajua ya kisasa? Hata kidogo. Roki aliijua, jukwaa alilijua. Tena wimbo ule wa Kothbiro ulikwisha kupigwa na Black Savage, kwa lugha ile ile ya Kijaluo, katikati ya magita ya umeme. Mwaka 2018 Mmarekani Kanye West alichukua sehemu ya sauti ya bendi hiyo akaitia katika wimbo wake. Basi gita na asili si maadui. Adui ni dharau.

Wapinzani wangu watasema kwamba Ogada alisifiwa kwanza na Wazungu, na kwetu baadaye. Ni kweli, na hilo ni aibu yetu; si sababu ya kuendelea kudharau. Wala wasisahau jambo moja: aliikuta nyatiti iko hai. Wazee wa kando ya ziwa walikuwa wakiitia nyuzi na kuipiga vizazi kwa vizazi. Lau wangaliacha, yeye angalibeba nini kwenda London?

Swali hilo latuhusu sisi wa Pemba. Katika mchezo wa ng'ombe twamwona mpiga zumari, na mara nyingi ni mzee. Wangapi miongoni mwetu waweza kuipuliza? Pumzi ya zumari haifundishwi na kitabu, wala kuitazama katika simu hakutoshi. Hupokewa na mwanafunzi aliyekaa karibu na mwalimu wake. Mzee akienda bila ya mrithi, amekwenda nayo.

Najua wako wazazi wenye hofu ya dini. Hofu yao naiheshimu, na mimi sizungumzii ngoma za pepo. Nasema juu ya michezo ya furaha, ya harusini na ya mavuno. Wako pia waalimu wenye hofu ya mtihani. Nami mtihani unanikabili mwaka huu, lakini saa moja ya Jumamosi haimwangushi mwanafunzi. Saa tatu za simu kila usiku ndizo zimwangushazo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, katika sherehe ijayo ngoma ya kwetu ipewe nafasi sawa na spika. Pili, waalikwe wazee wawili au watatu waje kila Jumamosi, waheshimiwe na walipwe nauli zao, wawafundishe wanaotaka. Apendaye gita na ajifunze gita, nami simzuii. Lakini asije akatafuta zumari siku moja, akaambiwa kwamba wa mwisho aliyeijua amekwisha zikwa.