Siku 90 za Nini?

Hivi bado kuna wasimamizi wa kompyuta za Unix wanaolazimisha watu kubadili nywila kila siku 90? Kwenye Linux ni amri moja tu, chage -M 90, halafu bwana mkubwa analala akiamini mlango umefungwa. Wapi! Aliyekuwa na Simba2024 anaandika Simba2025 (wana Yanga mnisamehe), au anaibandika chini ya kibodi. Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa mwaka 2003 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, alisema mwaka 2017 kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika. Mwaka huohuo NIST ikashauri: msimbadilishie mtu nywila bila dalili kwamba imevuja. Sasa ninyi mnamtii nani? Wekeni minlen = 15 kwenye pwquality.conf, na hiyo 90 irudi 99999 kama mlivyoikuta.