Uzee hauingii Jumanne

"Ndugu zangu, mzee wetu hakuugua. Uzee ndio uliomchukua, na uzee hauna dawa." Maneno hayo aliyasema mhubiri kwenye kipaza sauti, chini ya turubai, na msiba mzima ukaitikia amina. Adabu ya msiba ilininyamazisha siku ile. Arobaini imepita, sasa nasema: mzee yule aliugua.

Alikuwa mstaafu wa reli, na miaka yake ya mwisho aliishi kwenye makao ya wazee. Dada aliyekuwa akimwogesha alikuja kuzika, akakaa jikoni na akina mama, na huko ndiko nilikosikia yale ambayo kwenye wasifu wa marehemu hayakusomwa. Mzee alikuwa na kawaida ya kumaliza vikombe viwili vya uji na kulalamika kwamba sukari imeibwa. Jumanne alikunywa nusu kikombe, hakulalamika. Jumatano alisinzia kwenye bao kete zikiwa mkononi, mtu ambaye hakuwahi kumwachia mwenzake hata kete moja. Alhamisi alimwita yule dada kwa jina la marehemu mkewe na kumuuliza treni imefika wapi. Dada akakimbilia kwa msimamizi. Jibu: "Ni uzee tu huo, mwache apumzike." Ijumaa alianguka akienda chooni. Jumamosi hospitali wakakuta nimonia, mapafu yote mawili. Jumatatu tukapigiwa simu.

Naomba nieleweshwe. Mtu amekuwa mzee kwa miaka 20, na uzee huo umemwacha anacheza bao na kugombea sukari. Halafu Jumanne saa moja asubuhi, uji ukiwa mezani, ndipo uzee ukamwingia? Uzee huja kwa miaka. Kinachokuja kwa siku mbili kina jina lingine, na mara nyingi kina dawa.

Madaktari wa wazee hawabishani juu ya hili. Mzee akichanganyikiwa ghafla, hajui siku wala mahali alipo, kuna jambo mwilini: nimonia, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, kuishiwa maji, sukari kushuka, kufunga choo, au kidonge kipya alichoanza juzi. Hata dawa za mafua zinazosinzisha, zile zinazouzwa kila duka la dawa, zinaweza kumvuruga mzee akili. Wapo pia wanaochanganyikiwa kimyakimya. Hawapigi kelele, wanalala tu, na hao ndio wanaosahaulika zaidi, kwa kuwa mzee asiyesumbua ndiye anayesifiwa. "Siku hizi babu ametulia." Ametulia!

Utaambiwa pia: "Tulimpima, hana homa." Joto la kawaida la mzee mara nyingi liko chini kuliko la kijana, na maambukizi mazito yanaweza kumkuta bila joto kupanda sana. Mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani wa mwaka 2008, ulioandikwa kwa ajili ya makao ya namna hii, unahesabu nyuzi 37.8 kuwa homa tayari, au hata joto kupanda kwa nyuzi 1.1 juu ya lile la siku zote. Hilo la siku zote limeandikwa wapi? Kwa marehemu wetu halikuandikwa popote.

Pale pale msibani bwana mmoja msomi alinipasha kwamba mhudumu wa kuogesha hana cheti, kwa hiyo hawezi kujua ugonjwa. Bwana huyu anafuga ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wake akigoma majani asubuhi, kijana wa zizini ambaye hakumaliza darasa la saba anapiga simu, na kabla ya saa nne daktari wa mifugo yuko zizini. Sijamsikia akimdai kijana yule cheti, wala akisema ng'ombe ana uzee.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa makao ya wazee. Mabadiliko waliyoyaona wasaidizi wa wauguzi, wale wanaoogesha na kulisha, yalitangulia kwa wastani wa siku 5 kabla ugonjwa haujaandikwa kwenye faili. Siku 5, ndugu msomi! Kutoka Jumanne hadi Jumapili. Leo makao mengi ya huko yana kadi iitwayo Stop and Watch: anaongea kidogo kuliko kawaida, amekula kidogo, amekunywa kidogo, hajapata choo siku 3, anahitaji kushikwa zaidi akitembea. Msaidizi anaweka alama, anampa muuguzi, muuguzi anakwenda kumwona mzee. Mabinti zetu waliokwenda kufanya kazi hizo Marekani wanaijua. Usiniambie ni teknolojia ya Wazungu. Ni karatasi na kalamu.

Tena fedha zipo. Kundi la WhatsApp la michango lilijaa kwa usiku mmoja: turubai, viti, pilau, fulana zenye picha ya marehemu akiwa na sare ya reli. Kundi hilo hilo halikuwahi kununua kipimajoto. Serikali nayo ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na hospitalini utakuta bango la kumpisha mzee apate huduma kwanza. Tumpishe kwenye foleni gani, ikiwa kule alikolala kuna mtu anasema aachwe apumzike?

Kwa wasimamizi wa makao nina ombi dogo. Wekeni daftari moja kwa kila chumba, na mhudumu akisema "leo si yule wa jana," muuguzi aitwe siku hiyo hiyo, bila kumhoji alisomea wapi.

Nawe msomaji, Jumapili ukienda kumtazama mzee wako, usiishie ofisini kumsalimia msimamizi na kuacha sabuni na sukari. Mtafute anayemwogesha. Muulize mzee anakula kama alivyokuwa akila, anaongea kama alivyokuwa akiongea? Kisha mwachie namba yako ya simu, na umwambie apige hata usiku.