Mbwa Koko: Kuwaua Si Dawa

Kila mara mtoto aumwapo na mbwa mtaani, kauli ya kwanza ya wakazi huwa ni moja: mbwa koko wote wapigwe risasi au watiliwe sumu. Hasira hiyo yaeleweka. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza kwa mwanadamu, humwua karibu daima. Hata hivyo, sayansi haiungi mkono dawa hiyo.

Mwaka 1997 ugonjwa huo uliingia katika kisiwa cha Flores, nchini Indonesia. Mbwa waliuawa kwa mamia ya maelfu, lakini ugonjwa haukutoweka. Wenyeji waliopoteza mbwa wao walijipatia wengine, ambao hawakuwa na kinga.

Sababu yake ni hesabu ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuifanya. Ili kuuzuia ugonjwa, wataalamu hulenga kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Na uchukuliwe mfano wa kijiji chenye mbwa 100, ambao 70 kati yao wamechanjwa. Katika mwaka mmoja mbwa 30 wanakufa, 21 wakiwa ni wa wale waliochanjwa, na watoto 30 wanazaliwa. Waliochanjwa sasa ni 49 kati ya 100. Lakini iwapo majike wengi wamefungwa kizazi, na watoto waliozaliwa ni 10 tu, waliochanjwa ni 49 kati ya 80, yaani asilimia 61. Chanjo ndiyo izuiayo kichaa. Kupunguza uzazi huifanya kinga hiyo idumu zaidi. Jike huchukua mimba siku 63 hivi tu, na aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka.

Wako wasemao kwamba kumhasi mbwa ni kumdhulumu. Lakini wafugaji wamekuwa wakihasi mafahali tangu zamani, na hakuna amwonaye maksai kuwa kioja. Daktari wa mifugo humtia mbwa nusukaputi kwanza, ndipo aondoe korodani za dume au ovari za jike. Dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura na kupigania majike, na bado hulinda nyumba ya bwana wake. Dhuluma iliyo kubwa zaidi ni kuwatupa watoto wa mbwa jalalani.

Tena, katika miji na vijiji vya Tanzania, wengi wa mbwa waitwao koko wana wenyewe. Hufunguliwa tu wajitafutie chakula. Basi lawama isiwaendee wanyama. Gharama ya upasuaji ni mzigo kwa mwananchi wa kawaida, na kwa hiyo halmashauri zina wajibu wa kuifanya siku ya chanjo iwe pia siku ya kuhasi. Fedha zinunuazo risasi na sumu hurudiwa kutumika kila mwaka, bali mbwa aliyehasiwa huhasiwa mara moja tu.