Tusipotafsiri Wenyewe, Wengine Watatutafsiria



Kuna mjadala hauishi kwenye misikiti yetu, Kibera hadi Kawangware: maneno ya ibada yafafanuliwe kwa Kiswahili ama yaachwe vile yalivyo? Wazee wengine wanasema ukigusa Kiarabu umegusa dini. Vijana nao wanauliza, mbona tukae kwa khutba nzima halafu tutoke bila kushika kitu?

Tuanze na tunachokubaliana. Hakuna anayetaka tuswali kwa Kiswahili. Takbira, Fatiha na atahiyatu zinabaki kwa Kiarabu. Ndiyo maana Mnubi wa Makina anaweza kusimama safu moja na mgeni kutoka Senegal na wote wakaitikia amin.

Na hofu ya wazee ina msingi. Chukua "Allahu Akbar". Wengi husema "Mungu ni mkubwa", basi. Lakini "akbar" inazidi hapo: Allah ni mkubwa kuliko chochote. Kuliko landilodi, kuliko chifu, kuliko mwenye bunduki. Tafsiri ya haraka imeangusha nusu ya maana. Hata "swala", ukiiita "maombi" jirani atafikiria dua tu, kumbe kuna rukuu, sijida na nyakati maalum.

Lakini dawa ya tafsiri mbovu ni tafsiri nzuri, sio kunyamaza. Qur'ani kamili ya kwanza kuchapishwa kwa Kiswahili, mwaka wa 1923, ilitafsiriwa na mmishonari wa Kianglikana, Godfrey Dale. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ilitoka hapa Nairobi mwaka wa 1969. Hesabu mwenyewe: miaka 46 baadaye.

Leo ni yale yale. Baada ya Westgate 2013 na Garissa 2015, Wakenya wengi walifunzwa maana ya "Allahu Akbar" na magaidi. Neno tunaloadhini sikioni mwa mtoto mchanga, neno tunalolitamka mara nne tukimswalia maiti, limegeuzwa kelele ya vita. Kijana akilitamka ndani ya matatu, watu wanageuka kumwangalia. Kama jirani hajawahi kusikia maana yake kutoka kwetu, ataichukua kwa nani?

Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Hiyo haki tunaipigania kila siku vituoni. Sasa muumini aliyeketi mbele ya mimbari, yeye hastahili kuelewa anachoambiwa?

Njia ipo, na haivunji fiqhi. Nguzo za khutba kwa Mashafii ni tano: kumhimidi Allah, kumswalia Mtume (SAW), kuusia taqwa, kusoma aya na kuwaombea waumini. Hizo zisomwe kwa Kiarabu. Mawaidha yanayobaki yawe kwa Kiswahili, na masheikh wengi tayari wanafanya hivyo.

Ombi letu kwa kamati za misikiti na maustadh wa madrasa ni dogo. Mtoto akihifadhi Fatiha, afundishwe maana yake wiki hiyo hiyo. Aliyesilimu juzi asipewe tu karatasi ya kukariri. Na jirani asiye Muislamu akiuliza adhana inasema nini, kila mmoja wetu awe na jibu.

Wabillahi tawfiq.