Parkingi kugeuka viti: ukingo wa barabara ni wa nani?

Katika miji kama Paris, New York na San Francisco, fasi nyingi ambako gari zilikuwa zinasimama kando ya barabara zimegeuka terasi. Mwenye resto anaweka meza na viti, anazungusha mbao ao sanduku za maua, na wateja wanakula hapo hapo, hatua mbili tu na gari zinazopita. Jambo hilo lilianza kama mchezo wa saa mbili, likawa msaada wa haraka wakati wa Covid-19, na leo ni sheria yenye bei, saa na vipimo.

Mkaaji wa Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira anaweza kusikia habari hiyo na kucheka. Huku mashariki ya Kongo watu wanakaa kando ya barabara tangu zamani: kambisti na meza yake ndogo, muuza unite za simu chini ya parasoli, mama wa ndazi, nganda yenye viti vya plastiki mpaka juu ya kanivo. Hakuna aliyengoja wazo kutoka Ulaya. Lakini tofauti moja iko, nayo ni kubwa. Kule kuko karatasi inayosema nani anakaa, mpaka wapi, mpaka saa ngapi na kwa bei gani. Huku, mara nyingi, anayeamua ni mwenye nguvu ao mwenye franga.

Ilianza na pesa ndogo ya parkingi

Tarehe 16 Novemba 2005, huko San Francisco katika Marekani, kikundi cha wasanii kinachoitwa Rebar kilitia pesa katika mashine ya parkingi, sawa vile kila dereva anafanya. Lakini hawakuleta gari. Walitandika majani, wakaweka benchi moja na mti mmoja. Wapita njia wakakaa. Saa mbili walizolipia zilipoisha, walifagia na kwenda zao.

Muulizo wao ulikuwa mwepesi: kama fasi ni ya watu wote na bei imelipwa, kwa nini lazima ikaliwe na gari tu? Gari moja linalala masaa mengi katika fasi ya karibu mita 2 kwa mita 5. Katika fasi hiyo hiyo watu kumi wanaweza kukaa. Wazo hilo lilizaa siku inayofanyika kila mwaka mwezi wa Septemba katika miji mingi ya dunia, Park(ing) Day.

Mwaka 2010, San Francisco ilianza kuruhusu viti hivyo vibaki kwa muda mrefu. Mfanyabiashara aliye mbele ya fasi hiyo alitengeneza na kusafisha kwa pesa yake, lakini kwa sharti moja: viti vinabaki vya watu wote. Kibao kiliwekwa kusema kwamba mtu yeyote anaweza kukaa, hata kama hajanunua kitu. Sharti hilo ni la kushika katika akili, kwa sababu njo linaonyesha tofauti kati ya benchi ya muji na meza ya mwenye resto.

Covid-19 ilibadilisha hesabu

Mwaka 2020 ugonjwa wa Covid-19 ulifunga nyumba za kula dunia nzima. Kongo pia iliguswa: tarehe 18 Machi 2020 rais Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa bar, resto na terasi, na ilibidi kungoja mpaka mwisho wa Julai ili zifunguliwe tena.

Mwezi wa Juni mwaka ule, Paris na New York zilichukua njia ingine. Kwa sababu virusi vinaambukiza zaidi ndani ya nyumba, wakubwa wa miji hiyo waliwaambia wenye resto: tokeni inje, chukueni fasi za parkingi mbele ya mlango wenu. Paris haikulipisha kitu mwanzoni. Huko New York, resto na bar zaidi ya 10,000 ziliingia katika mpango huo. Wengi wanasema bila hatua hiyo wangefunga na wafanyakazi wao wangepoteza kazi.

Lakini makelele hayakukawia. Wenye gari walisema wameibiwa parkingi, hata kama New York iko na fasi karibu milioni 3 za kusimamisha gari kando ya barabara na zilizochukuliwa ni elfu chache tu. Majirani walilalamika zaidi, na wao walikuwa na sababu. Mtu anayelala juu ya resto alisikia wateja mpaka usiku wa manane. Vibanda vingine vya mbao viliachwa, vikaoza, panya wakaingia chini yake. Muji ulikuwa umetoa fasi haraka kuliko ulivyoandika sheria.

Sheria nyepesi na sheria nzito

Paris iliandika kanuni mpya iliyoanza Julai 2021. Terasi ya juu ya parkingi inaruhusiwa kutoka 1 Aprili mpaka 31 Oktoba. Saa nne ya usiku, yaani 22, inafungwa. Muziki wa baffle haukubaliwi, vyombo vya kupasha joto havikubaliwi, palette za mbao zimekatazwa. Mwenye resto analipa kufuatana na ukubwa wa fasi na barabara aliyoko. Tena analazimika kubandika ruhusa yake fasi inayoonekana, ili jirani ajue kama yule anayemsumbua iko na haki ao hana.

New York ilipitisha sheria yake mwaka 2023. Terasi za barabarani ni kutoka Aprili mpaka mwisho wa Novemba, na ruhusa ya miaka 4 inagharimu dola 1,050. Juu ya hiyo kuko kodi ya kila mwaka kufuatana na ukubwa na kartie. Majira ya baridi yakifika, kila kitu kinavunjwa na kuwekwa depo, halafu kinajengwa tena. Hapo resto nyingi ndogo ziliacha. Hazina depo, hazina mtu wa kufuata makaratasi. Idadi ya terasi ilishuka sana.

Miji hii miwili inafundisha mambo mawili ambayo yanavutana. Sheria ikiwa nyepesi sana, fujo inaingia na jirani anateseka. Sheria ikiwa nzito sana, mdogo anatoka na tajiri anabaki peke yake. Kazi ya muji ni kutafuta katikati, na katikati hiyo haipatikani bila kuuliza wale wanaoishi na kufanya kazi katika barabara ile.

Huku mashariki, nani amekaa wapi?

Tuangalie barabara yoyote kubwa: aveni Lumumba huko Bukavu, bulvari Nyamwisi huko Beni ao bulvari ya Libération huko Bunia. Ukingo wake unagombaniwa na watu wa aina tatu. Kuko gari na moto zinazongoja wateja. Kuko maduka na nganda ambazo zinasukuma meza, friji na baffle mpaka inje. Na kuko wauzaji wadogo, wengi wao wamama, wenye beseni, meza ao turubai chini. Wa nne, yaani mwenda kwa miguu, hana fasi. Yeye anashuka katika barabara, kati ya moto na malori, na mtoto wa masomo vilevile.

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema wazi kwamba udongo wa Kongo ni mali ya Leta peke yake na hauwezi kuuzwa kabisa. Barabara na ukingo wake ni mali ya matumizi ya watu wote. Maana yake, hakuna duka wala nganda inayoweza kusema "mbele ya mlango wangu ni kwangu". Kinachoweza kutolewa ni ruhusa ya muda tu, na anayeitoa anaweza kuikamata tena.

Lakini katika maisha ya kila siku, mkubwa na mdogo hawahesabiwi sawasawa. Mama anayeuza nyanya anakatiwa jetoni ya kila siku, na kuko takse ya etalaje. Akilipa, anafikiri amenunua haki ya kukaa. Kesho yake inatangazwa operesheni ya kuondoa masoko pirate, na meza yake inavunjwa. Serikali moja imemwambia mambo mawili yanayopingana: ulipe kwa sababu unakaa hapa, na utoke kwa sababu hukaliwi hapa. Wakati huo terasi ya nganda iliyofunika kanivo mita kumi mbele inabaki.

Hapo njo hatari ya kuiga wazo la Paris bila kufikiri. Jina likiwa zuri, "kupendeza muji", wamama wanaweza kufukuzwa asubuhi, na mchana fasi ileile ikapewa bar kubwa yenye viti vizuri. Mfano wa karibu ni Kigali, ambako wakaaji wengi wa mashariki wamekwisha kupita. Mwaka 2015 barabara moja ya katikati ya muji ilikatazwa magari, na baadaye ikatengenezwa kwa jina la Imbuga City Walk, yenye mabenchi na fasi ya watoto kuchezea. Ni safi, na mtu anapumzika bila kulipa. Lakini katika muji ule ule uchuuzi wa barabarani umekatazwa. Benchi iko, mama wa beseni hapana. Kila muji unachagua, na mashariki ya Kongo, ambako beseni njo inalisha nyumba nyingi, chaguo hilo lingekuwa na bei kali.

Mambo matano ya kuandika mbele

Miji ya huku haihitaji terasi za mbao. Inahitaji karatasi iliyo wazi, na mambo matano yanaweza kutosha kwa kuanza.

Kwanza, mwenda kwa miguu. Kabla ya meza yoyote, upimwe upana ambao hautaguswa, unaotosha watu wawili kupishana na kiti cha mlemavu kupita. Mstari wa rangi chini unatosha.

Pili, kanivo. San Francisco inadai kwamba terasi isizuie maji yanayopita kando ya barabara. Huku, ambako mvua moja inaingiza maji katika nyumba za watu, sharti hilo lingekuwa la kwanza hata kuliko viti. Anayekaa juu ya kanivo aifungue na kuisafisha yeye mwenyewe, bila kungoja salongo.

Tatu, saa na sauti. Usingizi wa jirani si kitu kidogo, na mgonjwa aliye hospitali karibu na nganda hana mtu wa kumsemea. Saa ya kuzima baffle iandikwe na ijulikane na chefu wa kartie, polisi na majirani.

Ine, bei. Ihesabiwe kwa ukubwa wa fasi, ili mwenye beseni moja asilipe karibu sawa na mwenye meza ishirini. Ibandikwe kwenye kibao katika ofisi ya komini, na kila malipo yapate risiti. Mwenye risiti asifukuzwe bila kuambiwa mbele na bila kuonyeshwa fasi ingine.

Tano, viti vya bure. Kama bar inapewa kipande cha ukingo, itoe pia benchi moja ambayo mzee anayetoka sokoni ao mama mwenye mimba anaweza kukaa bila kununua chupa. Kwa pesa ya bar, benchi ya mbao ni kitu kidogo.

Wamotari pia waulizwe. Ukiondoa parkingi yao bila kuonyesha ingine, watasimama katikati ya njia, na ajali zitaongezeka. Na hakuna sababu ya kufunga muji mzima mara moja. Barabara moja, siku ya Yenga, ao mwezi mmoja, inatosha kuona kama wauzaji wanapata zaidi ao wanapoteza. Rebar walijaribu kwa saa mbili tu.

Nani anaamua?

Sheria ya Oktoba 2008 juu ya miji na komini inaweka barabara na masoko kati ya kazi zao. Lakini huko New York wazo lilijadiliwa katika baraza la muji, na wakaaji walikuja kusema mbele ya wote. Katika Beni, Butembo na Bunia, meya wanatoka katika polisi tangu état de siège iliyoanza 6 Mei 2021. Amri moja inaweza kubadilisha barabara nzima bila mkutano. Amri hiyo inaweza kufanya kazi haraka, na inaweza kuumiza haraka vilevile.

Njo maana mashirika ya raia, chama cha wauzaji wa soko, wamotari na machefu wa kartie hawana sababu ya kungoja. Wanaweza kuuliza sasa, kwa barua, mambo ambayo hata jetoni ya leo haijibu: pesa ya etalaje inalipa haki gani, kwa mita ngapi, kwa muda gani, na nani anahesabu terasi kubwa. Jibu likikuja kwa maandishi, mama wa nyanya atakuwa na kitu cha kuonyesha siku operesheni ingine itakapopita.