Damu ya Watoto Ipimwe Kabla ya Tanuri Kuwashwa

Hapa Naliendele betri chakavu huuzwa kama vyuma vingine. Ni nadra mtu kuuliza zinakwenda kuyeyushwa wapi. Nami nauliza kwa sababu ya Owino Uhuru, Mombasa.

Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi kandokando ya makazi hayo mwaka 2007. Phyllis Omido, mwajiriwa wake, aliona mwanawe mchanga akiugua. Vipimo vikaonyesha madini ya risasi katika damu. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, rufani ikaitengua, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Aliyezaliwa 2007 alikwisha kutimiza miaka 17.

Ubongo hausubiri mahakama. Risasi hujipenyeza mahali pa kalisi, na mtoto hufyonza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kilicho salama.

Basi leseni ya tanuri iambatane na vipimo vya damu ya watoto wa jirani, kabla ya moto kuwashwa na kila mwaka baadaye, kwa gharama ya mwenye tanuri. Wanafunzi wangu husema tutawakimbiza wawekezaji. Wa namna hiyo, na wakimbie.