Mafuta ya machinjioni yana soko kubwa kuliko sabuni, lakini usafi kwanza

UKIFUNGUA mfuko wa mbolea ya CAN ukakuta punje zimeachana, hazijashika mabonge, huenda kilichosaidia ni mafuta ya ng'ombe. Viwanda vingi hupaka punje za mbolea kemikali ziitwazo amini, ambazo hutengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe, mawese au nazi.

Hapa kwetu mfanyabiashara wa machinjioni huuza mafuta hayo ghafi kwa mtengeneza sabuni. Mkulima naye hununua mbolea ya nje iliyokwisha kupakwa. Je, faida iliyo katikati tunaweza kuipata?

Kwanza tuone kazi yenyewe. Asidi za mafuta huchemshwa pamoja na amonia kwenye joto la karibu nyuzi 300 za Sentigredi, zikawa naitraili. Kisha naitraili hupewa haidrojeni mbele ya kichocheo, kwa kawaida nikeli, zikawa amini.

Tatizo liko hatua hii ya pili. Amini iliyokwisha kupatikana huweza kuungana na nyingine ambayo haijakamilika, ikazaliwa bidhaa isiyotakiwa. Tuseme kilo 10 katika kila 100 zimepotea hivyo: umelipia malighafi, na bado utalipia kuzitenganisha. Ndiyo maana viwanda huongeza amonia, ambayo huzuia muungano huo.

Njia ya zamani ni kupika kwa mkupuo ndani ya pipa la chuma lenye shinikizo. Njia nyingine ni kupitisha naitraili na haidrojeni mfululizo ndani ya bomba lililojazwa kichocheo. Muda na joto hudhibitiwa vizuri zaidi, na haidrojeni iliyomo kwa wakati mmoja ni kidogo, hivyo hatari ya mlipuko hupungua.

Lakini bomba halisamehe uchafu. Salfa huua nguvu ya nikeli, na mabaki ya nyama na damu yana salfa. Kwenye pipa utabadilisha kichocheo cha mkupuo mmoja. Kwenye bomba utasimamisha mtambo mzima.

Wapo watakaosema tujenge kiwanda sasa, kwa kuwa haidrojeni na amonia hutokana na gesi asilia, na gesi ya Songo Songo inafika Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Kwa maoni yangu, hilo ni kuanzia mwisho. Hakuna mwekezaji atakayefunga mtambo wa namna hiyo bila kuwa na uhakika wa mafuta safi, ya aina moja, wiki hadi wiki.

Wenye biashara ya mafuta machinjioni waanze na yaliyo ndani ya uwezo wao: kuyeyusha mafuta yakiwa mabichi kabla hayajaoza, kuchuja mabaki ya nyama, kuondoa maji na kuhifadhi kwenye mapipa safi yenye mifuniko. Wakiungana katika ushirika wanaweza kupanga mafuta kwa madaraja na kudai bei kwa daraja. Hata kiwanda cha amini kisipokuja, mtengeneza sabuni naye hulipa vizuri zaidi kwa mafuta meupe yasiyonuka.